Simba wa Bondeni Ana Mwenyewe

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimepata cheo. Si cha kuvaa begani, lakini cheo.

Asubuhi aliingia Dokta Rose, mtafiti wa wanyamapori kutoka chuo kikuu, na gari lililobeba vumbi la Newala nzima. Alikuwa anamtafuta Yunusi, mwenyekiti wa kitongoji chetu cha Chinyata. Yunusi alikuwa msibani Kitangari. Mimi nilikuwa uani naanika korosho, nimevaa shati. Mungu hupanga.

Akanieleza. Kule bondeni, kati ya mteremko wetu na Mto Ruvuma, kuna simba dume. Walimpiga sindano ya usingizi, wakamvisha kola shingoni. Kola hiyo inapeleka habari angani, kwa kisetilaiti kisichozidi ukubwa wa mkate wa dukani. Wanafunzi wao wamekiunda wenyewe ili kujaribu redio na betri za aina mpya. Kikipita juu yetu kinaokota habari ya kola, kinaishusha ofisini kwao, na ofisi inamtumia ujumbe mtu mmoja kijijini: simba yuko sehemu gani ya bonde na alionekana saa ngapi. Mtu huyo anawatangazia wenzake msikitini, kanisani, gengeni. Hivyo watu wanajua siku ya kushuka kuchota maji na siku ya kukaa nyumbani.

Anataka mtu anayeaminika, mwenye simu isiyoisha chaji. Nikasema Yunusi ni mtu mzuri mno, ila simu huisahau kila anapokaa, na macho yake siku hizi hayawezi maandishi madogo. (Macho ya Yunusi ni mazima. Akiwa kwake anaona paa langu linapovuja.) Dokta akachukua namba yangu.

Kabla ya kuondoka alinishika mkono. "Chombo ni cha majaribio, kinaweza kunyamaza," alisema. "Ujumbe usipokuja, au ukija uleule wa jana na saa ileile, usidhani simba amelala. Maana yake hatujui alipo. Siku hiyo waambie watu wasishuke kabisa."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa. Mimi si mjinga.

Ameniachia pia kazi ya kuitisha mkutano na kuwaelimisha wananchi. Nitaitisha. Kwanza nifikirie nisimame upande gani ili jua lisinipige usoni.

Jumatano, 9 Oktoba

Mkutano bado. Yametokea mambo.

Wanawake walioshuka jana kuchota maji walimwona simba ng'ambo ya korongo. Wakarudi mbio, ndoo tupu. Kilichowatisha si simba. Simba wanamjua. Kilichowatisha ni mkanda shingoni mwake. Mama mmoja alisema mbwa mwenye mkanda ana mwenyewe, sembuse simba. Ilipofika adhuhuri kitongoji kizima kilikuwa na jibu: ni simba wa mtu. Katumwa. Hapa kwetu hilo si jambo geni. Babu zetu walikuwa wakiwataja kwa majina wenye simba wa kutuma.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kuelimisha. Nikaenda gengeni, nikasafisha koo. Ndipo nikawasikia: aulizwe Yunusi, Yunusi atasemaje, tumsubiri Yunusi. Uchaguzi wa wenyeviti ni mwezi ujao, na mimi jina langu nimelipeleka. Basi nikasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea: leo yuko ng'ambo ya mto, upande wa Msumbiji. Shukeni mchote.

Walishuka. Walichota. Walirudi wakinitazama.

Sikusema uongo hata neno moja. Ujumbe ndivyo ulivyosema.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kila ninalotangaza linakuwa. Juzi nilisema yuko visimani, wasishuke. Jioni wakasikia akinguruma huko huko visimani.

Leo nimekuta korosho zangu zimeokotwa zote na kulundikwa chini ya mti. Sikumwomba mtu. Mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tatu kaniamkia shikamoo. Marahaba yangu ilikuwa nzito ulimini mara ya kwanza. Alipopita tena ilitoka yenyewe.

Huruma, mke wangu, ndiye pekee anayejua habari ya simu. Kaniuliza kwa nini siwaambii watu. Nikamjibu kwamba watu wetu hawajafikia kiwango cha setilaiti. Akasema Dokta Rose aliwaona wamefikia. Nikamwambia hiyo ni siasa, aniachie. Ameniachia. Chakula cha mchana kilikuwa ming'oko, mizizi ya porini, bila chumvi, na mpishi hakukaa.

Yunusi naye alikuja. Akaamkia vizuri, akakaa, akaniuliza: Baba Stefano, habari hizi za simba unazitoa wapi? Nikamwambia kila mtu na vyake. Akaondoka bila kumaliza maji. Nimefurahi sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Danieli kaniaibisha.

Huyu ni rafiki yangu tangu utotoni. Tulipata kipaimara siku moja, Lulindi, mimi na yeye bega kwa bega, tumevaa viatu vya kuazima. Siku hizi anapika uraka, pombe ya mabibo, mtamu kuliko wote ukingoni huku, na kucheka kwake kunasikika hadi barabarani. Leo baada ya ibada, watu wamejaa mlangoni mwa kanisa, kanipiga bega na kusema kwa sauti: "Batolo, wewe kuku wako mwenyewe hawakusikii. Simba atakusikia?"

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Walisogea nyuma, wote, kama kumkimbia mtu aliyemwaga mafuta ya taa karibu na moto.

Njiani aliniomba radhi kwa utani. Akasema hajui najuaje, na wala hataki kujua, ila mpaka sasa sijakosea. Anataka kushuka kukata mianzi ya ghala lake kabla ya mvua. Atakuja kuniuliza kwanza. Nikamsamehe. Lakini mlangoni mwa kanisa, mbele ya wapiga kura!

Alhamisi, 17 Oktoba

Yunusi ana mpango. Anataka tujenge birika la kuvunia maji ya mvua pale shuleni, ili wanawake wasishuke tena bondeni. Ametangaza msaragambo, kazi ya wote, wa kubeba mchanga kutoka korongoni. Mpango mzuri, hapo ndipo ubaya wake. Birika likijaa maji mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, mimi nitasimama na nini?

Asubuhi ujumbe ulisema simba yuko mbali, ng'ambo. Nilitangaza yuko korongoni. Tofauti ya ng'ambo na korongoni ni mto tu.

Hakwenda mtu. Nilipanda ukingoni kutazama. Yunusi alikuwa chini peke yake na koleo, anajaza gunia. Alibeba mwenyewe, akapumzika, akabeba. Mtu anakuwaje mkaidi namna hiyo? Nikajisikia vibaya kidogo mgongoni, kwa ajili yake. Ilipita.

Jumamosi, 19 Oktoba

Ujumbe wa leo ni uleule wa jana. "Ng'ambo ya mto." Saa ileile. Nimezima simu na kuiwasha. Mtandao wa huku ni wa kusuasua.

Nimetangaza: ng'ambo.

Jumatatu, 21 Oktoba

Uleule tena. Kisha mchana umeingia mwingine, wa Dokta Rose mwenyewe. Anasema chombo kimenyamaza tangu Ijumaa. Mafundi wao wanajaribu kukiamsha kila kinapopita. Hawajui simba yuko wapi. Niwatangazie watu wote wasishuke. Ameandika "tafadhali" mara mbili.

Nimekaa nyuma ya nyumba na kutafakari kwa utulivu. Nikisema leo sijui, wataniuliza jana nilijuaje. Na mwenye simba asiyejua simba wake alipo ni mtu gani? Yunusi atapita kila nyumba na hilo neno. Kwa upande mwingine, simba ni mnyama mvivu. Kama alikuwa ng'ambo Ijumaa, ana sababu gani ya kuvuka? Mto una mamba.

Huruma aliona uso wangu, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Jumanne, 22 Oktoba

Danieli alikuja gengeni asubuhi na panga na kamba ya kufungia mianzi. Watu walikuwepo. Yunusi alikuwepo, ananunua chumvi.

Danieli alinivuta pembeni, lakini si pembeni ya kutosha. "Niambie kweli," alisema. "Mimi si mtu wa gengeni. Nishuke au nisishuke?"

Genge zima liligeuka. Yunusi aliacha kuhesabu.

"Shuka," nikasema. "Yuko ng'ambo."

Akanipiga bega, akateremka akiimba wimbo wa kanisa kwa maneno yasiyo ya kanisa.

Jioni. Hajarudi. Mianzi huchukua muda, hasa ukichagua iliyonyooka. Josephina, mkewe, amepita hapa kuuliza. Nimemwambia hivyo hivyo. Alitazama njia ya bondeni, si mimi.

Jumatano, 23 Oktoba

Wamempata.

Yunusi aliongoza wanaume kushuka na ngoma na mikuki kulipopambazuka. Mimi nilibaki kulinda nyumba. Walikuta mianzi imeshakatwa, imefungwa vizuri kwa kamba, tayari kubebwa. Panga lilikuwa limechomekwa ardhini kando yake. Hatua chache kutoka hapo wakamkuta yeye. Yunusi alivua kanzu yake akamfunika, na wengine wakaongeza walichovaa, kwa sababu kanzu moja haikutosha kuficha.

Nilipofika msibani wanaume walikuwa wamekaa wamebanana kwenye mkeka. Hakuna aliyenisogezea nafasi. Kisha wote wakasogea kwa pamoja, mkeka mzima ukabaki wangu. Nikakaa. Ningefanya nini?

Sikulala vizuri mchana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tumemzika asubuhi. Nilisimama nyuma. Kasisi aliomba kwa ufupi, akitazama saa na watu.

Kutoka makaburini hawakwenda makwao. Walikuja kwangu. Sikuwajua kwa nyuso walizokuwa nazo, ingawa majina yao yote nayajua. Walisema mambo kwa mpangilio, kama watu waliokwisha kukubaliana. Simba ana mwenyewe. Mwenyewe anajulikana. Danieli alimcheka mwenyewe mlangoni mwa kanisa. Mwenyewe akamwambia shuka, mbele ya mashahidi. Mmoja alikuwa na dumu la petroli na alilishika kwa aibu, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Niliwaeleza. Nilieleza setilaiti, kola, redio za aina mpya, mkate wa dukani. Niliinua simu juu. Mtu akauliza, kama ni kweli, kwa nini sikusema tangu mwanzo? Swali zuri. Nilikuwa bado nalitafutia jibu wakati jiwe la kwanza lilipovunja dirisha.

Yunusi akaja kusimama mlangoni, mgongo kwangu, mikono kwenye miimo. Akasema atakayeingia ataanza na yeye. Hawakurudi nyuma. Walisimama tu.

Ndipo watu wakampisha Josephina. Alikuwa bado na udongo wa kaburi viganjani. Akampita Yunusi, akasimama mbele yangu karibu sana.

"Sikuulizi uchawi," alisema. "Nakuuliza kitu kimoja. Asubuhi ile ulijua simba alipo, au hukujua?"

Nilitazama nje. Wote walikuwa wanasikiliza. Nikasema yaliyopangwa na Mungu hakuna anayeyajua.

"Basi hukujua." Alinitazama kidogo tena, machoni hamkuwa na hasira; hasira ingekuwa nafuu. Kisha akawageukia. "Mwacheni. Hana simba huyu. Hana kitu."

Dumu likawekwa chini. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Najua aliniokoa. Lakini angeweza kuniokoa kwa maneno mengine. Hana kitu! Kitongoji kizima kimesikia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Yunusi alinipeleka Newala kwa pikipiki yake jana hiyo hiyo, kabla watu hawajabadili mawazo. Kiti cha nyuma kimechanika na chuma kinachoma. Kituo cha polisi walinipa benchi na wakaandika maelezo yangu, ambayo nilipoyasikia yakisomwa yalikuwa mafupi kuliko nilivyotarajia.

Wakati wa kuachana nilimwambia Yunusi amecheza vizuri sana, kusimama pale mlangoni wiki chache kabla ya kampeni. Alikuwa anavaa kofia ngumu. Akasema Danieli alikuwa mjomba wa mke wake. Sikulijua hilo. Kwa nini watu hawaniambii mambo?

Huruma hakuja. Amekwenda Masasi kwa mwanetu Stefano, fundi pikipiki. Nimempigia Stefano. Aliuliza swali moja: "Baba, ni kweli ulikuwa umeambiwa?" Nikaanza kumweleza hali ya siasa ya kitongoji. Simu ikakatika. Mtandao.

Jumapili, 3 Novemba

Polisi waliniachia, nami niko Lulindi kwa kaka yangu Lameck. Chumba ni cha magunia, kitanda ni cha kamba.

Jana alikuja Dokta Rose. Alikuwa amekonda. Hakukaa. Alisema askari wa wanyamapori wamemuua simba. Alikuwa mzee, jino limeoza, hawezi tena kukamata swala. Kola ilikuwa nzima shingoni mwake. Ilikuwa ikiita siku zote zile, na juu hakukuwa na wa kusikia. Chombo kiliamka chenyewe siku moja baada ya mazishi.

Nikaona nafasi, nikamwambia basi tatizo lilikuwa chombo. Akasema walijua kinaweza kushindwa, ndiyo maana kinaitwa cha majaribio, na kwa kushindwa kwake walikuwa wameweka tahadhari. "Tahadhari ilikuwa wewe," alisema. Akalia, akajifuta kwa ukingo wa mtandio, akaenda garini. Msomi mzima.

Namba yangu imefutwa. Kuna simba jike mwingine mwenye kola, na ujumbe wake sasa unakwenda kwa Yunusi. Lameck ameyasikia yote sokoni. Yunusi aliitisha mkutano siku ya kwanza, akawaonyesha simu, kila mtu akaishika. Siku ujumbe usipokuja anasimama gengeni na kusema leo sijui, msishuke. Na hawashuki. Wamekwenda kubeba mchanga wa birika, wote, hata yule mwenye dumu. Josephina anawapikia uji.

Nimeshangaa. Kiongozi anasimamaje mbele ya watu na kusema hajui? Uchaguzi atashinda, najua, lakini heshima hapo iko wapi?

Jumatano, 6 Novemba

Habari zangu zimefika Lulindi kwa njia ya kupinda. Hapa hawajasikia "hana kitu". Wamesikia habari ya simba tu. Watoto wakiniona wanaacha mchezo. Muuza mkaa kanipisha njia. Kitandani kwangu usiku wa jana godoro lilitokea.

Kuna fisi anayesumbua kandokando ya mji. Kaua mbuzi kadhaa na juzi alimfuata mama mmoja aliyekuwa anatoka kisimani. Hana kola. Hakuna anayemfuatilia, si angani wala ardhini.

Leo asubuhi mama huyo kaja uani, kashika kanga mdomoni, kaamkia. Nikaitikia. Akauliza kama kweli mimi ni mtu wa kujua. Wajukuu wake hawajatoka nje siku kadhaa, mbuzi wanadhoofu kwa njaa zizini. Anataka kujua tu leo fisi yuko wapi.

Nilifikiri juu ya Danieli. Kwa kweli nilifikiri. Nikaona kwamba kosa la safari ile lilikuwa kutegemea vyombo vya watu. Mtu akitegemea kichwa chake mwenyewe, hakuna kitakachonyamaza.

Nikatazama upande wa milima, nikakunja uso.

"Leo yuko mbali," nikamwambia. "Watoe tu."

Alipiga magoti kushukuru. Sasa hivi nasikia zizi likifunguliwa, na watoto wakicheka njia nzima wakiwaswaga mbuzi kuelekea porini.